MNADA WA MOSHI: MWENYE HEWA NI NANI?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo, mkoa wa Singida



Siku moja tulikuwa mnadani, mnada wetu huu wa ng'ombe na mbuzi. Mzee mmoja, aliyewahi kusoma katika darasa letu la kisomo, alitushika mkono akatuvuta pembeni chini ya mti. Akasema: "Walimu, nimesikia redioni kwamba huko Ulaya watu wanapiga mnada wa moshi. Ng'ombe namwelewa. Namshika, namfungua mdomo, nahesabu meno. Moshi nitaufunga kamba wapi?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mzee hakucheka. Akaendelea: "Na kama hewa inauzwa, mwenye hewa ni nani? Fedha anapokea nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwahidi kwamba tutasoma kwanza, kisha tutarudi. Leo tunalipa ahadi hiyo, maana tumeona kuwa swali la mzee ni letu sote. Siku hizi karatasi za biashara ya kaboni zinafika hata vijijini. Asiyejua kinachouzwa hawezi kujua bei yake.

MOSHI UNAOTUHUSU

Tunaposema moshi hapa, hatusemi ule wa jikoni unaotoa machozi. Tunasema hewa ya ukaa. Hewa hii haionekani kwa macho na haina harufu. Hutoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli, dizeli, gesi na kuni. Hutoka pia misitu inapokatwa na kuchomwa.

Hewa hii ikipanda juu hukaa huko miaka mingi sana. Kazi yake ni kama ya blanketi. Usiku wa mwezi wa Juni au Julai, hapa Singida, blanketi moja ni jambo jema. Lakini ukifunikwa mablanketi matano utatoka jasho, hata kupumua itakuwa taabu. Ndivyo dunia inavyofanywa sasa. Kila mwaka inaongezewa blanketi, na joto haliwezi kutoka.

Je, sisi tunahusikaje? Mkoa wetu ni mkavu. Tunategemea mvua za msimu mmoja. Joto likizidi, maji hukauka upesi, mtama na uwele hunyauka kabla ya kukomaa, na malisho huisha mapema. Mwenye viwanda vingi amechafua hewa, na mwenye shamba la mtama analipa.

Tutazame hesabu. Ukichoma lita 375 hivi za dizeli, yaani mapipa mawili yasiyojaa sawasawa, unatoa tani 1 ya hewa ya ukaa. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe peke yake, mtu mmoja wa Marekani kwa wastani hutoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo hiyo, Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba sisi ndio wachafuzi wakubwa. Lakini pia tusikae kimya, kwa kuwa hewa ni moja na haina mpaka.

TUCHUKUE MFANO WA MKAA

Mnada wa moshi tutauelewa tukianza na jambo tunalolijua. Tuseme kijiji kina msitu na wachoma mkaa wanne. Kila mmoja huchoma magunia 25 kwa mwezi, jumla magunia 100. Bwana misitu anapima, anasema: msitu huu unaweza kuvumilia magunia 60 tu kwa mwezi. Mkizidisha, baada ya miaka michache mtabaki na jangwa.

Mkutano wa kijiji ufanye nini?

Njia ya kwanza ni kukataza mkaa kabisa. Basi watu wataiba usiku.

Njia ya pili ni kutoza ushuru kwa kila gunia. Ni njia nzuri, lakini tajiri anaweza kulipa ushuru na kuendelea kukata. Fedha zitaingia, lakini huna hakika kwamba msitu utabaki.

Njia ya tatu ni hii. Kijiji kinaandika vibali 60, kimoja kwa kila gunia. Hakuna cha 61. Asiye na kibali hachomi. Mwaka unaofuata vibali vitakuwa 55, mwaka wa tatu 50. Kikomo hicho ndicho moyo wa jambo zima. Bei itapanda na kushuka, lakini magunia hayazidi vibali.

Sasa vibali hivyo wapewe nani? Mkigawa bure kwa wale wanne, mmewapa zawadi mali ya kijiji kizima. Mkimwachia ofisa mmoja agawe, mmefungua mlango wa rushwa. Kwa hiyo mnapiga mnada.

MNADA UNAVYOKWENDA

Mnada huu haufanani sana na wa ng'ombe. Hakuna dalali wa kupiga kelele. Kila mtu anaandika kwa siri idadi ya vibali anavyotaka na bei anayoweza. Karatasi zikifunguliwa, tunaona hivi:

Wa kwanza anataka vibali 20 kwa shilingi 3,000 kila kimoja.
Wa pili anataka vibali 25 kwa shilingi 2,500.
Wa tatu anataka vibali 15 tu, kwa shilingi 2,000, kwa sababu ameanza kufuga nyuki.
Wa nne anataka vibali 20 kwa shilingi 1,000.

Tunaanza na mwenye bei ya juu, tunateremka. Ishirini, na 25, na 15, jumla 60. Vibali vimekwisha. Wa nne amekosa. Bei ya wa mwisho aliyepata ni shilingi 2,000, basi wote watatu wanalipa bei hiyo moja. Mfuko wa kijiji unapata shilingi 120,000.

Yule wa nne afanye nini? Anaweza kutafuta kazi nyingine. Au anaweza kununua kibali kwa mwenzake. Tuseme mfuga nyuki ameona asali inalipa kuliko mkaa. Atauza vibali vyake vilivyobaki. Kwa njia hiyo anayeweza kupunguza mkaa kwa urahisi anapunguza kwanza, na anapata faida kwa kupunguza.

Lakini tahadhari tatu zinahitajika. Kwanza, lazima magunia yahesabiwe kwa uaminifu. Pili, anayechoma bila kibali apigwe faini kubwa kuliko bei ya kibali, la sivyo atachagua faini. Tatu, tajiri mmoja asiruhusiwe kununua vibali vyote.

Haya basi. Mahali pa mchoma mkaa tuweke kiwanda cha umeme kinachochoma makaa ya mawe. Mahali pa gunia tuweke tani 1 ya hewa ya ukaa. Mahali pa kijiji tuweke serikali. Huo ndio mnada wa moshi. Hawauzi moshi wenyewe. Wanauza ruhusa ya kuutoa, na ruhusa zimehesabiwa.

WALIOANZA, NA MAKOSA YAO

Marekani ilipata kujaribu njia hii kwa moshi wa aina nyingine. Viwanda vyao vya umeme vilikuwa vikitoa hewa ya salfa, nayo ilikuwa ikirudi chini kama mvua yenye tindikali na kuharibu maziwa na misitu. Sheria ya mwaka 1990 iliweka kikomo. Mwaka 1993 mnada wa kwanza wa vibali hivyo ulifanyika Chicago, na mwaka 1995 kazi yenyewe ikaanza. Salfa ilipungua sana.

Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza vibali vya hewa ya ukaa. Hapa tuna la kujifunza, maana walianza kwa makosa. Karibu vibali vyote viligawiwa bure. Tena viligawiwa vingi kuliko moshi uliokuwapo! Kitu kikizidi sokoni, bei huanguka, kama vitunguu vyetu vikivunwa vyote wiki moja. Kufikia mwaka 2007 bei ya kibali ilikuwa imeporomoka, imebaki karibu na sifuri.

Kosa la pili lilikuwa chungu zaidi. Kampuni za umeme zilipewa vibali bure, lakini zikaweka thamani ya vibali hivyo katika bei ya umeme. Wananchi wakalipa na kampuni zikatia mfukoni. Ni kama mtu apewe mbegu ya bure ya kijiji, halafu awauzie wanakijiji wale wale.

Wakajirekebisha. Tangu mwaka 2013 viwanda vingi vya umeme huko havipewi tena kibali bure, vinanunua mnadani. Kikomo kinashushwa kila mwaka. Asiye na kibali hutozwa faini ya yuro 100 na zaidi kwa kila tani, na baada ya faini bado anadaiwa kibali chenyewe. Bei ikapanda. Februari 2023 kibali kimoja kilivuka yuro 100. Mwaka huo moshi wa viwanda na mitambo ya umeme iliyo chini ya mpango huo ulikuwa umepungua kwa karibu nusu, ukilinganisha na mwaka 2005. Si mnada peke yake uliofanya kazi hiyo. Mitambo ya upepo na ya jua nayo imesaidia sana. Lakini kibali kikiwa ghali, mwenye kiwanda huanza kuutazama upepo kwa macho mengine. Na sisi wa Singida upepo tunaujua!

Huko Marekani nako, majimbo kadhaa ya upande wa kaskazini mashariki yalianza mnada wao Septemba 2008. Wao waliweka bei ya chini, ambayo chini yake hawauzi. Mnunuzi mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya robo ya vibali vya mnada mmoja. Kibali cha kwanza kiliuzwa dola 3 na senti 7.

SWALI LA MZEE

Sasa turudi kwa mzee wetu. Mwenye hewa ni nani?

Zamani hewa ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe hutupiwa taka. Mnada unasema: hapana, hewa ni mali ya wote, na anayeitupia taka awalipe wote. Hiyo ndiyo haki iliyomo ndani ya mnada, na ndiyo tofauti yake na kugawa bure.

Lakini wote ni nani? Huko Ulaya fedha nyingi za mnada huingia katika hazina za nchi zao. Wanazitumia kwa umeme wa jua, nyumba zisizopoteza joto, usafiri na kadhalika. Hakuna sheria katika mnada huo inayosema fungu fulani lazima lifike Ikungi, Iramba au Manyoni. Hewa ni moja, lakini kapu la fedha liko upande mmoja. Tunasema hivyo bila hasira, ila tunasema.

MNADA ULIOFIKA NAIROBI

Kuna mnada wa aina nyingine uliofika karibu nasi. Juni 2023, kampuni moja ya Saudi Arabia iliendesha mnada mjini Nairobi. Ziliuzwa hati za zaidi ya tani milioni 2 za hewa ya ukaa. Wanunuzi walikuwa kampuni za Saudi Arabia. Bei ilikuwa kama dola 6 kwa tani.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Mwezi huo huo kibali cha Ulaya kilikuwa zaidi ya yuro 80. Kwa nini huku 6 na kule 80? Kwa sababu si kitu kimoja. Kule Ulaya kinauzwa kibali cha serikali. Mwenye kiwanda analazimishwa na sheria kuwa nacho, na vibali vina kikomo. Nairobi iliuzwa hati. Hati ni ushahidi kwamba mahali fulani tani 1 imezuiwa, kwa mfano kwa kulinda msitu au kutumia majiko yanayokula kuni kidogo. Anayeinunua kwa kawaida hakulazimishwa. Ananunua kwa hiari yake, na hati zinaweza kutengenezwa nyingi.

Tena jueni hili: mnada wa Ulaya haujawahi kupokea hati za misitu, na tangu mwaka 2021 haupokei hati yoyote ya nchi za nje. Basi akija mtu kijijini akasema, "Huko Ulaya kaboni ni yuro 80, msitu wenu ni utajiri mtupu," muulizeni: yuro 80 za kibali au za hati? Akibabaika, mmemjua.

Hatusemi kwamba biashara ya hati ni ubaya. Jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, wamekuwa wakipata fedha kwa kulinda pori lao tangu miaka ya 2010. Vijiji 8 vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za namna hiyo. Na sisi Singida si wageni wa kulinda. Katika miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori viliulinda wenyewe, kwa walinzi wao na sheria ndogo zao. Kazi tunaiweza. Tunalopaswa kujifunza ni bei na mkataba.

KARATASI INAPOFIKA KIJIJINI

Katika kijiji kimoja tulichopita, wageni walikuwa wamekuja na karatasi ya kurasa nyingi, yote Kiingereza. Wajumbe waliombwa waweke sahihi kabla jua halijazama, eti nafasi itakwenda kijiji kingine. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alisimama. Akasema: "Mimi nimejifunza kusoma nikiwa na wajukuu. Sikujifunza ili niweke sahihi nisichokisoma. Leteni Kiswahili." Mkutano ukaahirishwa.

Mpaka tunasoma mazungumzo haya, wageni hawajarudi. Wako wanaomlaumu mama yule, wakisema amefukuza riziki. Tulikaa naye. Ana uchungu, maana hata shemeji zake wamo katika wanaolaumu. Sisi tunasema wazi kwamba hakukosea. Riziki isiyoweza kungoja isomwe ina kasoro. Pengine wageni wale walikuwa watu wema wenye haraka. Hata hivyo, mikataba mingine ya namna hii ni ya miaka 20, 30 au zaidi. Atakayefungwa nayo ni mjukuu wa mama yule.

Kwa hiyo, karatasi ikifika kwenu, ulizeni haya:

1. Tunauza nini hasa, na kwa miaka mingapi?
2. Nani atanunua, na kwa bei gani kwa tani? Kijiji kitapata kiasi gani katika kila shilingi 100?
3. Nani atapima tani, na sisi tutaonyeshwaje hesabu hizo?
4. Tutazuiwa nini? Malisho? Mizinga? Kuni? Dawa za miti? Matambiko?
5. Msitu ukiungua kwa bahati mbaya, nani atalipa?

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni ninyi wote. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na miradi hutakiwa kuandikishwa. Kipo pia Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwambieni mtendaji wenu na ofisa wa wilaya waulize huko kabla ya sahihi.

MWISHO

Tulirudi kwa mzee mnadani tukamweleza haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Sasa katika huo mnada wa wakubwa, sisi tunaokosa mvua tuna kiti?"

Tulimjibu ukweli. Hatuna. Wanaokaa pale ni wenye viwanda na serikali zao. Kutuombea haki huko ni kazi ya wajumbe wa nchi yetu katika mikutano ya dunia, na ni wajibu wetu kuwauliza wakirudi. Lakini kiti kimoja tunacho, na hakuna wa kutunyang'anya ila sisi wenyewe kwa kutokwenda. Ni kiti cha mkutano mkuu wa kijiji. Twendeni tukakae. Na kalamu tuwe nayo.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kikomo cha vibali ni muhimu kuliko bei yake?
2. Katika mfano wa mkaa, kijiji kingegawa vibali bure, nani angefaidika?
3. Kibali na hati vinatofautianaje?
4. Kama mngekuwa katika mkutano ule, mngemuunga mkono mama yule? Toeni sababu.
5. Hesabu: vibali 55 vikiuzwa kwa shilingi 2,400 kila kimoja, mfuko wa kijiji utapata shilingi ngapi?